Karata Haiumi Mpaka Jina Liishe

Hivi nyie, mkiambiwa kwamba jina tu, jina tupu, linaweza kuua, mtabisha?

Haya. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na karata. Asiyewahi kuitaja, alitajwa yeye matangani.

Basi mwituni kulikuwa na mchezo wa karata za magome, kila gome limechorwa dubwana lake: joka, zimwi, jini la kisimani. Madubwana hayo hayakuwa na majina mpaka Bi Nguchiro alipoyatungia. Alikata kichwa cha neno la msibani, akakibandika mkia wa neno la jikoni, akalionja mdomoni. Joka akaliita Mzongamwili. Zimwi akaliita Gugunamifupa. Wasomi wanauita ubunifu. Nguchiro aliuita njaa.

Sheria ilikuwa moja: karata haiumi mpaka jina lake liishe. Anayemaliza kulitaja kwanza ndiye mshindi. Mshindwa huliwa.

Mtaniuliza, sasa walicheza kwa nini? Kwa sababu Chui alikuwa ameilalia njia ya kijitoni. Ukitaka kunywa, sharti ucheze naye. Na karata ya Chui ilikuwa na jina fupi kama kwikwi: Twaa.

Digidigi akaja na kiu yake. "Mzonga—"

"Twaa!" Pa! Akaliwa.

Mume wa Mama Kanga akaja na kiu yake. "Guguna—"

"Twaa!" Pa! Yakabaki manyoya, yanaelea majini.

Mama Kanga akawa anapita shimo kwa shimo, anauliza: "Nani kamtungia Chui jina lile?"

Nguchiro, ambaye peke yake alikuwa akinywa bila kucheza, akajikuna sikio. "Majina huokotwa tu, shoga yangu."

Kiangazi kikakaza. Nguchiro akateremka na kibuyu. Shimoni kawaacha wanawe wamelala, ndimi nje. Akamkuta Chui ametandika mkeka.

"Kaa tucheze."

"Lakini bwana, si tuliahidiana?"

"Tuliahidiana masika," Chui akasema, analamba kucha. "Hiki kiangazi."

Nguchiro akakishusha kibuyu. Akatazama chini, akaona tundu la siafu. Akauvuta mkeka juu ya tundu hilo. "Hapa pana kivuli, bwana. Ila nakuonea haya. Mkubwa mzima, unaitwa Twaa? Hata kiroboto kakushinda jina. Ng'ambo wanakucheka."

"Mimi? Wananicheka?"

"Kwi kwi kwi, mchana kutwa."

"Nitungie jingine! Refu! Lifike ng'ambo kabla yangu!"

Akamtungia. Chui akalikariri, macho kayafumba kwa utamu. Kisha wakaketi, kila mmoja na karata yake; ya Nguchiro gome tupu, bado halina jina.

"Mtwaa-Watwaaji, Mla-Walaji, Baba-wa-Radi, Mume-wa-Vilio—"

"Siafu," akasema Nguchiro. Pa! Akaupiga mkeka kwa nguvu.

Siafu wakatoka. Tambaa, tambaa, uma. Tambaa, tambaa, uma.

"Nimeshamaliza, bwana. Umeshindwa."

"Jina langu halikatizwi na kipanya! Shemeji-wa-Mauti, Mrithi-wa-Mifupa..."

Siafu wakapanda mkiani, naye anataja. Wakaingia masikioni, naye anataja. Wakafika ulimini. "Mfalme-wa..." Wa nani, hatukujua. Mshindwa akaliwa, polepole.

Wanyama wakashuka kunywa. Hakuna aliyeimba.

Hadithi yangu imekunywa maji, imelala. Wa kuamka ataamka. Na funzo lake, watoto, ni hili: mtunga majina hana dhambi, maana maneno hayana meno.

Mnakwenda wapi? Kaeni. Mama Kanga hakuwa ameondoka. Alisimama ukingoni na unyoya mmoja, umelowa.

"Twaa," akasema. "Nani?"

Nguchiro akakitazama kibuyu chake, kimejaa mpaka shingoni.

"Ni mimi, Mama Kanga. Nililitunga mimi, ili wangu wanywe."