Kichupa cha Kahawia
Mwamiaji hodari hana ndege wa kuonyesha. Mliisikia jana pale zahanati, mkabaki kuulizana ndege na kifua vina uhusiano gani. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Katika bonde la mpunga aliishi Mzee Libenanga, mtu aliyeshuku hata kivuli chake. Ukimsalimu kwa sauti ya chini, alijiuliza unamficha nini. Mzee huyu alikuwa na pumu ya miaka mingi, na Tabibu Mponda wa zahanati alimpa vichupa viwili vya dawa ya kuvuta. Cha bluu akivute kifua kinapobana. Cha kahawia akivute kila asubuhi na jioni, awe anaumwa au haumwi.

Cha bluu alikipenda, maana kifua kilifunguka papo hapo. Cha kahawia alikivuta siku nne, asihisi lolote, akaanza kukitazama kwa jicho la pembeni. Akamwambia mkewe, Bi Apolonia, kwamba yule tabibu ana mchezo: dawa yenyewe anawapa ndugu zake, wengine anawagawia hewa tupu. Akakitupa chooni. Tangu hapo akawa anavuta cha bluu mara sita, mara nane kwa siku, huku akijisifu kwamba mjini shule na yeye kahitimu.

Msimu huo mpunga ulikuwa umeanza kutunga punje. Aliyemwamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, ni shemeji yake Romana, mjane wa mdogo wake, aliyepanda dunguni, kwenye jukwaa la kulindia shamba, na kombeo lake kabla jua halijachomoza. Sasa, kule bondeni waamiaji walikuwa na desturi ya kurudi jioni na kishada cha ndege waliowaua, na mwenye kishada kirefu ndiye aliyesifiwa. Romana alirudi mikono mitupu kila siku. Mzee akakata shauri kwamba huyu mwanamke analala. Akamwondoa, akamweka bwana mmoja aitwaye Likwata, ambaye jioni ya kwanza tu alileta ndege arobaini. Mzee akawala kwa ugali, roho kwatu.

Siku ya tano akaenda shambani mwenyewe. Ndege walikuwa wametanda juu ya mpunga, na masuke mengi yalikuwa makapi matupu. Likwata alikuwa akiwavizia watulie ndipo awapige. Mzee akakimbia akipiga kelele, kifua kikambana. Akavuta kichupa cha bluu mara moja, mara mbili, mara kumi, kifua kisifunguke. Akaketi kwenye jaruba, kucha zimekuwa za bluu, akajua anakufa. Romana, aliyekuwa akipalilia shamba la jirani, akaita watu wakamkimbiza zahanati.

Pumzi ziliporudi, maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kushuku.

“Tabibu, kile cha kahawia ulinipa hewa tupu.”

“Ulikitumia mpaka kikaisha?”

“Nilikitupa. Siku nne hakikunionyesha kitu.”

Tabibu akamweleza kwamba dawa ile hutaka wiki kadhaa kabla haijashika kazi, na kazi yake haihisiwi. Mzee akakunja uso. Dawa gani hiyo isiyohisiwa? Hapo Romana, aliyesimama mlangoni na matope yake miguuni, akasema taratibu:

“Shemeji, nami pia ulinitaka nikuonyeshe ndege. Ningewapata wapi, na mimi sikuwaacha watue?”

Aibu ilimjaa mzee, na mpunga wake ulikuwa umekwisha kwenda.

Romana alirudishwa dunguni msimu uliofuata, baada ya kuombwa radhi mbele ya watu. Kuhusu kushuku, mzee hakuacha, ila sasa aliyemshuku ni yeye mwenyewe: kila asubuhi na jioni alimsimamisha Bi Apolonia amtazame akivuta kichupa kipya cha kahawia, asije akajidanganya. Miaka ikapita bila kifua kumbana. Watu wakawa wanamuuliza dawa hiyo inamsaidia nini hasa, mbona hawajamwona akiugua. Naye aliwajibu, bila haraka wala kuhema: mwamiaji hodari hana ndege wa kuonyesha.