Yule Waliyemwita Gogo

Wenzangu, mmekaa?
Tumekaa, masikio wazi.
Nitoe au nisitoe?
Toa, tuipokee.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi kijiji kimoja na kuamkiana asubuhi, palikuwa na Bi Nyani. Bi Nyani alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Mosi. Mosi hakutembea. Hakusema. Mikono yake ilijikunja yenyewe na shingo yake haikusimama. Tangu azaliwe, mama yake alimbeba mgongoni, na alipokua mkubwa, bado alimbeba mgongoni.

Lakini Mosi alikuwa na macho. Ukimuuliza jambo, kama ni ndiyo, hufumba macho. Kama ni siyo, hutazama pembeni. Mama yake alijua hivyo. Majirani hawakujua, kwa sababu hawakuwahi kumuuliza kitu. Wao walimwita Gogo.

Siku moja alikuja Bi Pundamilia na kibuyu cha uji. Akasema, "Pole, shoga yangu. Mungu amekutwika mzigo." Akaacha uji, akaenda zake. Hakumwamkia Mosi.

Siku ya pili alipita Bi Tumbili na wanawe. Akawavuta mkono. "Msimkaribie. Mama yake alikosea miiko, ndiyo maana mtoto yuko hivyo. Mtaambukizwa." Mosi alikuwa pale pale kwenye mkeka, akawasikia wote.

Siku ya tatu alikuja Bwana Fisi. Huyu alikuwa na maneno matamu. "Dada yangu," akasema, "nimeumia moyo kwa ajili yako. Ng'ambo ya kilima kuna mganga. Amewasimamisha wengi. Kesho nitakuja nimchukue mtoto, nimpeleke. Wewe pumzika. Hutaki kumwona mwanao anatembea?"

Bi Nyani alitaka. Mama gani asiyetaka? Mgongo ulikuwa unamuuma, naye alikuwa amechoka kusikia pole za watu. Akasema, "Ahsante, kaka. Njoo kesho." Kisha akachukua mtungi, akaenda kisimani.

Fisi hakuondoka. Alimwita rafiki yake Mbweha, aliyekuwa amejificha kwenye nyasi. Wakakaa kando ya mkeka wa Mosi.

Fisi akasema, "Kesho asubuhi nakuletea. Wewe ningojee nyuma ya kichuguu. Shimo la kuchomea tumeshalichimba. Mama yake tutamwambia alikufa njiani."

Mbweha akasema, "Punguza sauti. Mtoto anatutazama."

"Jiwe nalo linatazama," Fisi akajibu. "Tangu lini gogo likawa na masikio?"

Wakacheka, wakaenda zao.

Bi Nyani aliporudi alimkuta Mosi anatokwa jasho. Akamlisha ndizi, akakataa kumeza.

"Unaumwa?" Mosi akatazama pembeni.

"Una baridi?" Akatazama pembeni.

"Umesikia jambo?" Mosi akafumba macho, akayafumba kwa nguvu hata machozi yakatoka.

"La nani? La Pundamilia? La Tumbili? La Fisi?" Alipofika kwa Fisi, yale macho yakafumbwa tena. Bi Nyani akaendelea kuuliza, moja baada ya jingine, mpaka akajua. Jioni ile ile akaenda kumwita mkuu wa kijiji.

Asubuhi yake Fisi alipokuja, hakumkuta Bi Nyani peke yake. Alimkuta na Mbogo, mkuu wa kijiji, na wanyama wote.

"Bi Nyani anasema unataka kumla mwanawe," Mbogo akasema.

"Nani ameniona?" Fisi akauliza kwa upole. "Shahidi yuko wapi?"

Bi Nyani akasema, "Shahidi ni Mosi."

Wanyama wakacheka. Fisi akacheka kuliko wote. "Mnaona? Uchungu umemtia wazimu. Hayo ni maneno yake mwenyewe, anamsingizia Gogo."

Mbogo hakucheka. Akasema, "Bi Nyani, nenda nyuma ya ile miamba, usionekane na usisikike. Nitamuuliza mimi."

Bi Nyani akaenda. Mbogo akapiga magoti, akashusha pembe zake mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Mosi. Hakuna jirani aliyewahi kumsogelea karibu vile.

"Mosi, wewe ni mtoto wa Tumbili?" Mosi akatazama pembeni.

"Wewe ni mtoto wa Nyani?" Akafumba macho.

"Fisi anakupeleka kwa mganga?" Pembeni.

"Anakupeleka akakule?" Akafumba macho. Kicheko kikakatika.

"Wapi? Kando ya mto? Kwenye miiba? Nyuma ya kichuguu?" Akafumba macho.

Wakaenda wote nyuma ya kichuguu, wakiwa wamemshika Fisi. Wakakuta shimo, wakakuta kuni, wakamkuta Mbweha ananoa kisu. Mbweha akainua kichwa, akawaona wanyama wote wale, akamwambia Fisi, "Kumbe umealika watu? Katoto kenyewe kadogo, hakatatutosha."

Hapakuwa na haja ya shahidi mwingine. Fisi na Mbweha walichapwa, wakafukuzwa. Ndiyo maana mpaka leo fisi analala mbali na makazi ya wanyama wengine.

Na Mosi? Mosi hakusimama. Mosi hakusema. Mikono yake ilibaki kama ilivyokuwa.

Lakini siku moja Bi Tumbili alikuja na chakula, akamuuliza Bi Nyani, "Huyu anakula kunde?"

Bi Nyani akasema, "Muulize mwenyewe." Akachukua kanga yake, akaenda mtoni kuoga.

Bi Tumbili akaweka chakula chini. Kisha akapiga magoti. "Mosi, unakula kunde?" Mosi akatazama pembeni. "Mahindi?" Pembeni. "Tikiti?" Mosi akafumba macho. Bi Tumbili akaenda kutafuta tikiti. Huko mtoni, Bi Nyani alikaa majini muda mrefu, mgongo mtupu, bila mtu wa kumharakisha.

Basi wenzangu, asiyesema si kwamba hasikii, na asiyetembea si kwamba hana akili. Usimzungumzie mtu mbele yake kama hayupo. Muulize, kisha ungoje jibu.

Ngano yangu imefika. Iliyokufaa ibebe, isiyokufaa iache jamvini, mwingine ataiokota.