Kiti cha Liwali Kilipoombwa Shauri

Hapo zamani, zama ambazo mtu akikwambia alikuwapo usimwamini, palikuwa na mji uitwao Kirumbwi, nao ulikuwa mbali sana na Sultani. Naye Sultani, kwa kuwa mtu hawezi kuwa kila mahali, aliuwekea mji ule liwali akae badala yake: awasomee watu barua zake, aamue mashauri pamoja na kadhi, apokee wageni, atazame visima na njia. Liwali wa kwanza alikaa mkekani, na mwenye shida akija hukaa naye goti kwa goti. Wa pili akasema mkeka wamuumiza nyonga, akaletewa kigoda. Aliyemfuata akaona kigoda ni kitu cha jikoni, akachongesha kiti cha mpingo chenye mikono na mgongo mrefu, akakipandisha juu ya ulingo. Ikawa kila kiti kikipanda, masikio ya mwenye kukikalia huzidi kuwa mbali na vinywa vya watu.

Basi zamu ikamfikia Liwali Azani bin Muhsini, mtu mpole wa uso, mzuri wa kilemba, na mvivu asiye na mfano. Hakuwa dhalimu, la. Udhalimu nao wataka mtu aamke mapema. Alichochukia ni lawama tu. Akaitafutia dawa, akaipata pale pale alipokalia.

Akawakusanya watu, akasema, "Enyi watu wa Kirumbwi, maliwali huja na kupita, kiti hubaki. Mimi ni mtu tu. Mwenye kuamuru ni kiti. Kila apitaye na akisalimu."

Tangu siku ile, ushuru ukipanda, ni kiti. Kisima kisipochimbwa, ni kiti. Watu wakawa wakipita mbele ya mpingo ule wakiinama, "Shikamoo, kiti," nacho hakikumwambia mtu hata marahaba.

Mkabala wa baraza kilipowekwa kiti hicho palikuwa na kibanda cha Faki Makombo, mshona majamvi, maskini hohehahe. Faki alikuwa mtu wa kwanza kujicheka. Akiulizwa kwa nini hana mali, hujibu, "Mali ilikuja, ikanikuta nimelala, ikaona haya kuniamsha." Lakini kibanda kile alikipenda kwa moyo wote. Aliachiwa na mamaye, ndimo alimozaliwa, ndimo alimomwingiza mkewe Mize siku ya harusi, na nje yake hakuwa na pa kulaza kichwa.

Siku moja Liwali aliegemea kitini, joto kali, upepo haumfikii. Akatazama mbele, akaona ni kibanda cha Faki kinachouzuia. Akatuma askari akatangaze kwamba Ijumaa, watu wakitoka msikitini, kibanda kile kitavunjwa. Faki akaja mbio, akapiga magoti.

"Bwana Liwali, nimekosa nini?"

"Hukukosa, Faki. Kiti hakipendi kukitazama kibanda chako. Kinataka upepo."

"Nami nihamie wapi, Bwana?"

"Hilo silijui. Neno si langu, neno la kiti."

"Basi niombee, Bwana wangu."

Liwali akatabasamu, maana alipenda mambo yaishe bila yeye kuinuka. "Kiombe mwenyewe. Ijumaa njoo useme nacho mbele ya watu na kadhi. Kiti kikikuridhia, mimi ni nani hata nikatae?"

Watumishi wakacheka hata wakashikana mabega, kwani ni nani aliyepata kuuona mpingo ukimwambia mtu ndiyo? Nami ninayewahadithia, ningekuwa Faki, ningekivunja kibanda mwenyewe siku ile ile kwa woga, kisha nikashukuru.

Faki akarudi kwake. Akakaa kizingitini akalia, wala hakumficha mkewe.

"Umeambiwa nini?" akauliza Mize.

"Nimeambiwa nikaombe kiti."

"Kiti hiki cha mti?"

"Hicho hicho. Wengine huombewa kwa wakubwa, mimi natumwa kwa fanicha, tena sina hata wa kuniombea."

Mize akataka kulia, akaishia kucheka, kisha akalia kweli. Faki akakaa akiwaza. Akili yake, kama alivyozoea kusema mwenyewe, ilikuwa punda wa kuazima, haiji ila ikitaka. Ikapita kitambo, ikaja. Akaanza kucheka peke yake, hata Mize akamgusa paji la uso aone kama ana homa.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa barazani, wengine wamekuja kumwonea Faki huruma, na wengi, tuseme kweli, wamekuja kutazama. Kadhi Shekue akaketi mahali pake. Liwali akaondoka kitini, akasimama kando, akaapa kwa sauti, "Kiti kikimridhia Faki, nyumba yake haiguswi."

Faki akajongea. Alivaa kanzu ya kuazima iliyoweza kumtosha yeye na jirani yake kwa pamoja.

"Shikamoo, Bwana Kiti," akasema. "Mimi ni Faki Makombo, yule unayechukia kumtazama. Hukukosea. Nyumba yangu ni mbaya, nami ni mbaya kuishinda. Ungeniona asubuhi kabla sijanawa, ungevunjika mwenyewe. Lakini sina nyingine. Nakuomba uniachie. Na kama hukubali, tamka sasa hivi watu wasikie, nami nitaibomoa kwa mikono yangu."

Kiti kimya.

"Nakuuliza tena, usije ukasema nilikuharakisha. Wakataa?"

Kimya. Nzi akatua kwenye mkono wa kiti, akajisugua miguu, akaruka. Ndipo Faki alipomgeukia kadhi.

"Shehe, nami mjinga nifunze. Binti bikira akiulizwa kama amridhia mchumba, naye asijibu neno, yasemwaje?"

Kadhi akashika ndevu. "Kimya chake ni idhini."

"Yaani amekubali?"

"Amekubali. Binti wa Bwana Liwali mwenyewe nilimwoza hivyo mwezi uliopita. Aliulizwa, akanyamaza, tukala pilau."

"Alhamdulillahi. Basi kiti nacho kimeulizwa, kimenyamaza, na mashahidi ndio hawa."

Baraza ikaangua kicheko. Liwali akapandwa na hasira, akapiga mguu chini. "Upuuzi! Binti ana ulimi, akitaka kukataa atakataa. Hicho ni kigogo cha mti! Tangu lini kiti kikasema?"

Faki akainama hata kanzu ikafagia sakafu.

"Bwana Liwali, akili yangu fupi, nisaidie. Kama kiti husema, leo kimenyamaza, kimeniridhia, na nyumba ni yangu. Na kama kiti hakisemi, ni nani basi aliyeamuru ivunjwe?"

Liwali akageuka. Akakitazama kiti kama mtu anayengoja nduguye amtetee, nacho hakikumtetea. Kutoka nyuma bibi mmoja akapaza sauti, "Na ushuru wa chumvi alipandisha nani?" Mwingine akadakia, "Na kisima chetu, nani aliyesema kisichimbwe?"

Aibu ikampata Liwali, uso ukamwiva. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, kicheko kikampanda hata kilemba kikaenda upande.

"Wallahi nimeshikwa," akasema akifuta machozi. "Ni mimi, jamani. Nyumba, ushuru, kisima, yote ni mimi. Nilisikia joto, nikaona haya kusema nasikia joto. Mwanamume mzima nimejificha nyuma ya kiti, tena kina matundu!" Akavua joho lake, akamvika Faki. "Nyumba ni yako, wala hakuna atakayeigusa." Kisha akaketi, akasema, "Aliyeuliza habari ya kisima na aje. Nasikiliza mimi." Watu wakamjia mmoja baada ya mwingine, hata chakula chake cha mchana kikapoa, kikarudishwa jikoni.

Faki akaenda kwake joho likiburura vumbi, kifua mbele.

"Mize! Leo nimemshinda Liwali!"

Mize alikuwa amesimama barazani nyuma ya watu tangu mwanzo, kisha akamtangulia kurudi. Akamtazama mumewe, macho bado mekundu kwa kulia, na furaha imemjaa hata haijui pa kupita.

"Liwali alijishinda mwenyewe," akasema. "Wewe ulishindana na kiti. Tangu unioe sijakuona ukishinda ubishi hata mara moja, na leo uliposhinda, mwenzio alikuwa mbao."

Faki akataka kujibu. Akatafuta neno huku na huku asilipate, akabaki amesimama na joho lake, kimya.

"Haya," akasema Mize, "umekubali."