Vuruma Ilivyogeuka Kalantini

Zamani hizo, wanangu, wakati msitu ulikuwa bado umeushika mlima huu mpaka kiunoni, mahali hapa hapakuitwa Kalantini. Paliitwa Vuruma. Ng'ambo ya mto, kule mnakoona mabati yanameremeta, palikuwa Ishinde, kama palivyo leo. Wapita njia walihesabu vijiji viwili. Sisi wenyewe tulijiona nyumba moja yenye milango miwili. Tulioana, tulizikana, na migomba yetu yote ilinywa kutoka ndiva moja, yaani lile bwawa la juu ambalo wazee walikusanyia maji na kuyagawa kwa zamu.

Mwingereza alikuwa amekwisha kuingia. Maneno yake yalipanda mlima pamoja na vitu vyake, na hatukuyaogopa. Shati lilikuja, tukalivaa. Blanketi lilikuja, tukalitia sauti ya ziada ili lipite vizuri kooni, likawa bulangeti, tukajifunika. Baiskeli ilifika imebebwa mabegani kwa sababu ya mawe, tukaicheka, lakini tuliiona kwa macho. Kila neno lilikuja na mwili wake. Kwa hiyo lilipokuja neno lisilo na mwili, tulilitafutia mwili wenyewe, na hapo ndipo tulipoumia.

Mwaka huo ndui iliingia Vuruma. Ilianza na watoto, ikapanda kwa wakubwa. Binti mmoja wa hapa, jina lake Nakiete, alikuwa ameolewa Ishinde na Sefue, mwana wa Mzee Senkondo, aliyekuwa mkubwa wa kijiji kile na mgawaji wa maji. Nakiete aliposikia mama yake ameshikwa, alivuka mto kuja kumwuguza. Binti yake, Nambike, ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa, akamwacha kwa baba yake. Alimwambia mumewe kwamba atarudi mara tu mama atakapoweza kuketi mwenyewe.

Mama akiwa bado hajaweza kuketi, alifika Bwana Afya, mkuu wa afya wa serikali. Alikuwa Mzungu mwenye sauti ya upole, ameongozana na askari na mkalimani wake, Semboja, mtu wa bondeni. Aliwakusanya watu wa Ishinde ukingoni mwa mto, akasema kwa Kiingereza, akasema kwa kirefu. Semboja alisikiliza akitikisa kichwa, mpaka likapita neno ambalo hakuwahi kulisikia. Kumwuliza bwana wake mbele ya watu aliona haya. Kuliruka aliogopa. Basi akalitoa kama lilivyomwingia sikioni.

"Bwana anasema, Kalantini amekaa Vuruma. Hakuna wa kuingia huko wala wa kutoka, mpaka Kalantini aondoke."

Mzee Senkondo akauliza huyo Kalantini ni nani. Semboja akatazama viatu vyake, kisha akajibu kwamba ni mkubwa, na si wa kuulizwaulizwa.

Ukapigiliwa ubao ukingoni. Semboja mwenyewe aliuandika kwa lami, herufi kubwa kubwa: KALANTINI. Bwana Afya aliutazama ule mwandiko, akatabasamu kidogo, akauacha ulivyo. Wakaweka askari wa kulinda kivuko, wakaenda zao.

Mwanzoni Sefue alimleta mtoto mtoni kila asubuhi. Nakiete alimwimbia kutoka upande huu, na mtoto akanyoosha mikono, akilia kutaka kubebwa. Kisha mama yake Nakiete akafa, akazikwa, na ndui ikachukua wale iliowachukua, ikatosheka. Vidonda vikakauka, vigaga vikadondoka, yakabaki makovu. Askari waliitwa kazi nyingine, wakaondoka bila kumuaga mtu. Watu wa Vuruma wakachoma malalo yao, wakaoga, wakapaka mafuta, wakashuka mtoni kuvuka.

Wakamkuta Mzee Senkondo amesimama ng'ambo na vijana wenye mikuki. Akawauliza kama kuna yeyote aliyemwona Kalantini akiondoka. Watu wakatazamana. Hakuna aliyemwona, kwa kuwa hakuna aliyemwona hata akiingia.

"Basi bado yumo," akasema Senkondo.

Msidhani walikuwa wajinga, wanangu. Tangu tufungiwe, zamu yetu ya maji ilikuwa ikinywewa na migomba ya Ishinde, na migomba ile haikupata kunenepa namna ile. Anayekunywa maji ya mwenzake hana haraka ya kujua maana ya neno. Walituonea huruma, na ninaamini wengine walitulilia kweli. Lakini mfereji wetu hawakuufungua.

Vuruma ikakauka. Watu wakala mizizi, na wenye nguvu wakahamia nyuma ya mlima. Sefue akawa haji tena kila asubuhi. Alikuja siku za soko, halafu siku akikumbuka, halafu hakuja kabisa, na miaka ikapita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua nguo ng'ambo ndiye aliyempigia Nakiete kelele kumwambia kwamba Sefue ameoa, na kwamba mtoto hajambo, anamwita yule mke mpya mama. Nakiete alimshukuru kwa habari. Mizizi aliyokuwa amejitwika ilimwanguka, akaiokota mmoja mmoja.

Hakuwa mtu wa kukaa na donda. Alijaza asali kwenye kibuyu, akapita nyuma ya mlima, njia ya nyani, akashuka bondeni mpaka bomani. Kwa askari wa mlangoni alisema amekuja kuonana na Kalantini. Askari wakaangua kicheko, wakaitana, wakamtaka alirudie lile jina. Alilirudia. Aliona wanacheka, lakini hakujua wanacheka nini, naye alikuwa ametoka mbali.

Kicheko hicho kikamtoa Semboja ndani. Alikuwa ameota mvi. Nakiete alimwamkia kwa heshima, akapiga goti.

"Baba, nimemletea asali. Nakuomba unisemee kwake, atuondokee. Kama tulimkosea, tumekwisha kulipa."

Semboja akamvuta pembeni, chini ya upenu wa ghala. Pale ndipo alipomweleza, huku sauti ameishusha, mambo aliyokuja kuyajua baadaye: kwamba Kalantini si mtu, wala hakupata kuwa mtu. Ni neno la Kiingereza la kuwatenga wagonjwa mpaka ugonjwa uishe. Ukiisha, nalo limeisha. La Vuruma liliisha siku kilipodondoka kigaga cha mwisho.

Nakiete akaketi chini. Akauliza kwa nini hakupanda kuja kuwaambia. Semboja akajibu kwamba hakutumwa. Akamsihi aende naye sasa, aseme kwa kinywa chake mbele ya watu wa Ishinde, kwa sababu kinywa hicho ndicho walichokiamini. Semboja akakataa. Alisema bwana wake akisikia kwamba alifasiri neno asilolijua, atafukuzwa kazi, na ana watoto.

"Na mimi nina mtoto," Nakiete akasema.

Semboja akamgeuzia mgongo. Alirudi ndani, na Nakiete akarudi mlimani na asali yake.

Safari hii hakupita nyuma. Alishuka moja kwa moja kwenye kivuko, mchana, watu wa pande zote wakimtazama, akaingia majini. Vijana wa Senkondo wakashika mikuki, lakini wengi wao aliwahi kuwapikia, na mkono haukuwainuka. Alipofika ukingoni akamwambia mzee, "Baba mkwe, Kalantini si mtu. Ilikuwa kungoja tu, na kungoja kuliisha zamani."

Mzee Senkondo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba neno lililoletwa na serikali haliwezi kuondolewa na mwanamke mwenye kibuyu. Aliyasema hayo akitazama mfereji.

Nakiete akampita. Akaenda mpaka nyumbani kwa Sefue. Uani palikuwa na msichana mrefu akitwanga, mwenye shingo ya yule bibi aliyezikwa Vuruma, na hakuhitaji kuambiwa ni nani. Akamkaribia, akamnyooshea mkono.

Nambike akarudi nyuma ya kinu, akaficha mikono yake mgongoni.

"Usiniguse," akasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la kawaida. "Wewe ni wa Kalantini."

Sefue alikuwa mlangoni. Alisikia. Hakumkanya mtoto.

Nakiete aliurudisha mkono wake. Hakulia pale, wala hakugombana na mtu. Alirudi mtoni, akaung'oa ule ubao wa Semboja, akajitwika, akavuka nao, akausimika hapa kwenye mlango wa kijiji. Watu wa Vuruma wakashangaa. Wakamwuliza kwa nini analeta kwao tusi hilo, ilhali yeye ndiye aliyekwenda kujua kwamba ni neno tupu.

"Maji wamechukua, mtoto wamechukua," akawajibu. "Hili peke yake hawalitaki. Litakuwa letu."

Mambo yalikuja kunyooka kwa namna yake. Senkondo alipokufa, zamu ya maji ilirudishwa, ingawa si yote. Nambike alikuja kumzika mama yake, naye wakati huo ana watoto. Alilia sana kaburini, na watu walimwachia nafasi alie, lakini aliyelala mle hakusikia. Wapima mipaka wa serikali nao walikuja juzijuzi na bango la barabara. Kijana mmoja msomi kati yao akatuambia tumekosea, neno hilo ni karantini, linaandikwa kwa R, na kamusini limo. Tukamwambia la R ni la hospitali, lina siku yake ya kuisha. Letu ni la L, na mpaka leo hajatumwa mtu kutuambia limeisha. Akacheka, akaandika tulivyotaka.

Na tangu siku ile Nakiete aliporudisha mkono wake, mtu wa Kalantini hatangulizi mkono kwa mgeni. Husimama, ameishusha mikono yake, akangoja. Wengi hudhani tuna majivuno. Mgeni akitoa wake, tunaupokea kwa mikono miwili. Asipoutoa, tunamwamkia kwa mdomo tu, na tunamwonyesha njia ya kwenda Ishinde.