Pango Lisilopigiwa Hodi

Paukwa!
Pakawa!
Mlango?
Umefungwa!
Nani yuko nje?
Hatumjui!

Palikuwa na zimwi lililoishi ndani ya kilima cha mawe, katika pango lenye njia mia, zote zikifanana. Nguvu zake zilikuwa katika maneno mawili: hodi na karibu.

Kila mwaka baada ya mavuno lilipiga hodi mjini kwa sauti ya jirani. Wenyeji, watu wa adabu, wakaitikia, "Karibu!" Basi likaingia, likachukua mtoto mmoja.

Mashujaa watatu walilifuata. Nao walikuwa na adabu. Kila mmoja alisimama mlangoni pa pango akaita, "Hodi!" Likajibu, "Karibu!" Likawala wote watatu.

Siku moja likamchukua Kibibi. Dada yake, Mize, akasema, "Namfuata."

"Mwanangu," akasema baba yao, Faki, "nimeshamzika mama yako. Usinizidishie."

"Kibibi hajafa, baba. Nipe ukili wa mama."

Mama yao alifariki kabla ya kumaliza mkeka. Ukili aliousuka, mrefu mno, ulibaki umeviringishwa, na Faki hakukubali mtu aushone. Akautazama. Akautoa.

Mize akafunga ncha ya ukili kwenye jiwe la mlangoni, akaingia akiukunjua nyuma yake.

"Nani kaingia bila hodi?" zimwi likanguruma.

"Mize binti Faki. Mwizi hapigiwi hodi."

"Karibu kiti."

"Sikai."

"Karibu wali, una nazi."

"Sili."

"Huna adabu, we mtoto!"

"Kwako, sina." Akamwona dada yake kando ya zimwi. "Kibibi, nipe mkono."

Zimwi likanyoosha makucha, yakashindwa kumgusa asiyepiga hodi wala kukubali karibu. Wasichana wakaufuata ukili, wakiuviringisha, mpaka nje. Wakakimbia nyumbani, wakafunga mlango.

Zimwi likafika. "Hodi!" likaita kwa sauti ya jirani.

Faki akafumbua kinywa. Mazoea yana tabu. Mize akamtazama. Akafumba.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, jamani!"

"Hatukujui," akasema Faki. "Ondoka."

Likaenda nyumba ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Wote walikuwa wamemsikia Faki. "Hatukujui! Ondoka!" Likarudi kilimani, likafa kwa njaa.

Kesho yake Faki akaushona ukili ule, na vumbi lake la pangoni. Ukawa mkeka. Wanawe wakaukalia.

Hadithi yangu inakomea kizingitini hapo. Adabu ni njema, lakini anayekula watoto wako hapigiwi hodi, wala haitikiwi.