Landrova ya Bi Milembe

Sogeeni karibu, na anayetafuna karanga aache kwanza, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu anijibu mdomo umejaa.

Pale Sikonge aliishi Bi Milembe na wanawe watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kulwa, muuza mitumba, alijaliwa macho: katika lundo la nguo angeibuka na shati moja zuri ambalo watu kumi wameshaliruka. Doto, pacha wake, fundi saa, alijaliwa mikono. Shija, binti aliyezaliwa nyuma ya pacha hao, alikuwa hasahau kitu. Ukimwahidi embe leo, atakukumbusha mwakani.

Bi Milembe mwenyewe aliendesha Landrova ya zahanati miaka ishirini na saba, akileta wagonjwa na wajawazito kutoka vijijini. Gari lilipochakaa likakatwa vyuma chakavu, yeye akabaki na ufunguo, akauvaa shingoni. Kisha akapofuka macho. Tangu hapo, miaka miwili mizima, hakutoka nje ya ua. Wanawe walimbembeleza mpaka wakachoka.

"Niende wapi?" aliwajibu. "Atakayenirudisha barabarani, ufunguo huu ni wake."

Wote waliutamani ule ufunguo, lakini walimtamani zaidi mama yao wa zamani.

Siku moja Kulwa alikuwa mnadani akichambua midoli ya mtumba. Chini kabisa, chini ya wanasesere wasio na nywele, akaona kigari cha bati cha rangi ya waridi, hakina hata gurudumu moja. Wenzake walikiona takataka. Kulwa alilitazama lile bodi lenye pembe kama sanduku, akasema, "Hii si Landrova ya mama?" Akakimbia nayo nyumbani.

Doto alikaa nayo miezi miwili. Aliikwangua rangi, akakata spoku ya baiskeli kuwa ekseli, akachonga magurudumu kwa mpira wa kandambili, akasuka karia ya waya juu ya paa. Usukani ulikuwa kushoto, akauhamishia kulia. Mwisho akaipaka nyeupe, ikang'aa.

Asubuhi ya kumkabidhi mama, Shija aliizungusha mkononi, akachukua koleo ya Doto, akabana madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, mpaka ikabonyea.

"Wewe Shija!" Doto alipiga kelele. "Miezi miwili! Umeiharibu!"

"Sijaiharibu, kaka. Nimeimalizia."

Bi Milembe aliipokea mapajani. "Mmeniletea mdoli? Nimekuwa mtoto?"

Vidole vikapapasa karia, vikateremka kwenye usukani. Vikafika kwenye madigadi ya kushoto, vikaganda.

"Kisiki cha barabara ya Kitunda," alisema polepole. "Siku ya yule mama aliyeshikwa na uchungu njiani. Nilikigonga, sikusimama, na mama na mwanawe wakafika wazima. Mafundi walitaka kuninyooshea hapa, nikakataa."

Akacheka, akalia, akacheka tena.

"Nipeni viatu," akasema.

Wakamshika mkono hadi kando ya barabara. Lori likapita. "Huyo gia ya pili inamsumbua," Bi Milembe alisema, na uso wake wote ulichangamka. Kisha akauvua ufunguo shingoni.

"Bila macho yangu tungekuwa na gari gani?" Kulwa aliuliza.

"Ulileta bati la waridi," Doto akamjibu. "Nani kaligeuza gari?"

"Gari zuri sana," Shija alisema, "ila lilikuwa la mtu mwingine."

"Wewe umefanya kazi ya dakika moja!"

"Na dakika hiyo ndiyo iliyomfanya mama aitishe viatu."

"Nyamazeni!" Bi Milembe alisema huku akicheka. "Mimi nawapenda sawa, sifai kuamua. Waulizeni wengine."

Basi mkono ameunyoosha, ufunguo uko kiganjani, na wanawe watatu wamesimama mbele yake kimya. Haoni nani yuko wapi. Anangoja kusikia jina tu. Haya, karanga mtamalizia baadaye. Wewe ungelitaja jina la nani?