Sinia la Pilipili za Mwatumu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakafuga kuku na kugombania mipaka ya viwanja kama sisi, palikuwa na Digidigi mmoja aliyeitwa Mwatumu. Alikuwa mdogo, miguu myembamba, na mwongo. Nawaambia mapema msije mkasema nilificha: alikuwa mwongo aliyebobea. Akisema mvua inanyesha, majirani walitoka nje kuhakikisha.

Lakini kwa bustani, mwacheni. Nyuma ya nyumba alikuwa na mchicha na bamia. Mbele, pale mlangoni, aliweka kitu alichokipenda kuliko vyote: pilipili za urembo, ambazo mbegu zake aliletewa na shoga yake Bi Kanga kutoka huko alikokwenda kutembea. Mwatumu alizisia kwenye kigae, kivulini. Miche ilipopata nguvu akaihamishia kwenye vyungu vilivyotoboka, akaipa samadi na majivu kidogo, akaikata ncha ili itoe matawi. Ikapendeza, wanangu. Majani meusimeusi, maua rangi ya zambarau, na pilipili zenyewe za mviringo, zambarau tupu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Anayepita njiani angeapa kuwa ni zambarau zile za kula.

"Mmea wa kuangalia tu?" majirani walimcheka. "Na njaa hii?"

"Macho nayo yanashiba," Mwatumu aliwajibu.

Mwenyewe aliwahi kuonja siku moja. Alimaliza mtungi mzima wa maji na akalala ulimi ukiwa nje. Bi Kanga, yeye, kila akija jioni alizidonoa, do, do, do, huku anapiga soga kama mtu anayetafuna karanga. Ndege ndivyo walivyo. Ukali wa pilipili hawaujui kabisa. Mwatumu aliliona hilo, akalikalia kimya.

Basi, asubuhi moja Nyani akafika. Hodi hakupiga. Alitua mzigo wake mlangoni, puu, akajikuna mbavu na kuikagua nyumba juu mpaka chini.

"Mwatumu, kusanya vyombo vyako," alisema. "Nyumba hii nimeipenda. Nahamia leo."

"Na mimi niende wapi, Mzee Nyani?"

"Pori lote hili, unaniuliza mimi?"

Mwatumu aliogopa, tena aliogopa sana. Nyani alishawatoa wengine majumbani mwao kwa mtindo huohuo, na hakuna aliyewahi kurudi. Nyumba ile Mwatumu aliikandika udongo kwa mikono yake, na bustani ndiyo iliyomlisha. Akatoka mbio, tapa tapa tapa, mpaka kwa mjumbe wa mtaa, Ngiri.

Ngiri alikuwa rafiki wa Nyani, na kila Nyani alipokula, Ngiri alikula. Alimsikiliza Mwatumu huku anachokonoa meno.

"Sasa nifanye nini?" Ngiri alisema. "Mwenzako ana nguvu, wewe huna."

"Sikatai, mjumbe. Naomba mila ifuatwe tu, nisionekane nimefukuzwa kama mwizi."

Mila yenyewe ilikuwa hivi. Anayehamia nyumba ya mwenzake huandaliwa sinia la makaribisho, vitu vya bustani ya nyumba hiyohiyo. Hukaa mkekani na kulimaliza. Akiinuka sinia halijaisha, ameikataa nyumba mbele ya watu, na haruhusiwi kuirudia tena maishani.

Ngiri alicheka mpaka akakohoa. "Nyani huyu ninayemjua mimi ndiye ashindwe kula? Kaandae, mwanamke."

Mwatumu akarudi, akazichuma pilipili zake zote. Ilimuuma kuuona mmea ukibaki na majani matupu, lakini alichuma. Akaziosha, akazipanga sinia zima, akatandika mkeka. Kisha akamwita Bi Kanga, akamkaribisha akae pale, karibu kabisa na sinia.

Ngiri naye alikuja kushuhudia. Nyani akaketi, miguu akaikunja, mate yanamtoka.

"Nini hizi?"

"Pilipili," Mwatumu akasema.

Nyani akamtazama Ngiri. Ngiri akamtazama Nyani. Wakacheka wote wawili.

"Pilipili ni ya kijani, ikiiva inakuwa nyekundu," Nyani alisema. "Mimi nimeiba kwenye mashamba mangapi, nisiijue pilipili? Hizi ni zambarau."

"Ni pilipili, Mzee, tena kali mno. Nakusihi usizile, utaumia."

"Unamsikia, mjumbe? Anataka nisile, sinia libaki, na nyumba ibaki yake. Ujanja wa kitoto huu."

"Huyu hata jina lake akikwambia, kaulize kwa mama yake," Ngiri aliongeza.

Lakini Nyani naye hakuwa mjinga wa kutupwa. Alikwishanyoosha mkono, akaurudisha.

"Mwenyeji huonja kwanza. Haya, onja."

Mwatumu akasogea nyuma. "Mimi siwezi, Mzee. Nimeshakwambia ni pilipili."

"Ahaa. Basi umetia sumu."

Hapo mambo yangeharibika, maana Nyani alikwishakunja uso. Aliyeokoa jahazi ni Bi Kanga na tumbo lake.

"Jamani, nyinyi mnabishana, mimi nina njaa," alisema, akainamisha shingo kwenye sinia. Do, do, do. Akameza. Do, do, do. "Shoga yangu, za leo zimekolea. Hukuweka na nyingine ndani?"

Nyani akamkazia macho. Bi Kanga hakupepesa jicho, hakukohoa, alizidi kudonoa tu.

"Wee, toka hapo!" Nyani alifoka. "Utanimalizia!"

Sasa, nyani mnamjua. Nyani hali kwanza. Nyani huficha kwanza. Ana mifuko miwili ndani ya mashavu, na akiona chakula huijaza yote, wengine wasipate, ndipo atafune. Alizoa pilipili kwa mikono miwili, akajaza shavu la kulia, akajaza la kushoto, uso ukawa mpana kama ungo. Ndipo akatafuna.

"Tamu?" Ngiri aliuliza.

Nyani akatikisa kichwa kukubali. Kinywa hakikuweza kufunguka. Chozi moja likashuka.

"Mbona analia?"

"Raha hiyo, mjumbe," Mwatumu alisema kwa upole. "Onja nawe."

Ngiri hakungoja kuambiwa tena. Alichota, akatia kinywani, kwachu, kwachu. Halafu akaacha kutafuna. Masikio yakamsimama.

"Ma... maji," Nyani alinong'ona.

"Ole wangu, leo sikuchota," Mwatumu alisema. "Yako mtoni. Lakini ukiinuka, Mzee, si unajua umeikataa nyumba?"

Nyani aling'ang'ania mkeka kwa mikono na miguu. Alitetemeka, akajikunja, akaupiga mkeka kwa ngumi. Alikaa hivyo kwa kitambo, na kwa hilo lazima tumsifu. Kisha, fyuuu, mkeka ukabaki mtupu. Nyuma yake akafuata mjumbe, mkia wima kama fimbo, na ndiyo maana mpaka leo ngiri akikimbia mkia huwa juu. Mtoni kukasikika chubwi, kisha chubwi nyingine.

Waliporudi, midomo imewavimba, Bi Kanga alikuwa amelala ubavuni mwa sinia, ameshiba. Sinia lilikuwa bado na pilipili.

"Umenidanganya!" Nyani alisema.

"Mimi?" Mwatumu aliuliza. "Nilikwambia ni nini?"

Nyani akamgeukia Ngiri amtetee, lakini Ngiri alikuwa anajipepea ulimi, na hamu ya urafiki ilikuwa imemwisha.

"Mila ni mila," mjumbe alisema kwa tabu. "Umeinuka na sinia lina vitu. Nyumba ni ya Mwatumu. Beba mzigo wako."

Nyani akabeba, akaenda. Mwatumu alikaa mlangoni pake akacheka mpaka akalia, maana hofu yote ilikuwa inamtoka sasa. Kisha akazipasua pilipili zilizobaki, akaanika mbegu.

Hakuacha uongo, wanangu, nisiwadanganye. Ila alikwisha kujua kwamba na ukweli una kazi yake, akawa anautumia mara mojamoja.

Na wewe, ukikitolea macho cha mwenzako, angalau msikilize akikwambia ni nini.